Papa potwe wa Mafia au sifongo wa Jambiani: fedha inatosha safari moja tu, tuchague ipi?

Mwalimu wa Milimani

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro na ninasimamia klabu ya wanafunzi wanaopenda viumbe wa majini. Kwa miaka miwili tumeweka akiba kwa kuuza miche na mboga za bustani ya shule, na sasa tuna fedha ya kutosha safari moja ya pwani. Wanafunzi wamegawanyika. Kundi moja linataka twende Mafia kumwona papa potwe, *Rhincodon typus*, samaki mkubwa kuliko samaki wengine wote. Kundi la pili linataka twende Jambiani, Unguja, kuona sifongo zinavyolimwa baharini, kwa sababu tuliposoma habari za *Spongia officinalis*, ile sifongo ya kuogea, hawakukubali kwamba kitu kisicho na kichwa, moyo wala mishipa ya fahamu kinaweza kuitwa mnyama.

Jambo linalonifanya nishindwe kuamua ni kwamba viumbe hawa wawili, pamoja na kuachana kwao kwa umbo na ukubwa, hupata chakula kwa njia moja: wote huchuja maji. Nimewaahidi wanafunzi kwamba baada ya safari wataandika ulinganisho wa viumbe hao, lakini mmoja watakuwa wamemwona kwa macho yao na mwingine wamemwona kwenye picha tu. Ni yupi anayestahili kuonwa kwa macho? Naomba ushauri wa waliofika.

Mwana Kilindoni

Mwalimu, karibu sana Mafia. Lakini kabla hatujakushauri tunahitaji mambo uliyoyaacha. Mtasafiri mwezi gani? Mko wangapi? Wangapi wanajua kuogelea? Fedha hiyo ni kiasi gani? Bila majibu hayo kila mtu atakusifia kwao, nami nitakuwa wa kwanza.

Potwe huonekana kwa wingi upande wa magharibi wa kisiwa, mbele ya Kilindoni hapa, kuanzia Oktoba hadi Februari, wakati wa kaskazi, ambapo bahari hutulia na uduvi hujaa karibu na uso wa maji. Wengi wa huku kwetu ni madume ambayo hayajakomaa, yenye urefu wa mita sita au saba, ingawa spishi hii inaweza kupita mita kumi na tano. Mtu asiye na haraka anaweza kukaa ndani ya mashua akamtazama potwe anavyofungua kinywa chake juu juu ya maji, mkia ukiwa umeshuka chini kidogo, na maji yakiingia kama yanavyoingia mtaroni wakati wa mvua. Nimezaliwa hapa na mpaka leo nikisikia sauti ile ya maji kinywani mwake huacha ninachokifanya.

Mzamiaji wa Tanga

Nami nina swali: sifongo gani? Spishi za sifongo zinazojulikana duniani ni zaidi ya 8,000, na papa wanazidi kidogo 500. Ukisema unalinganisha potwe na sifongo, umetaja mtu mmoja upande huu na ukoo mzima upande ule.

Tena *Spongia officinalis* ni sifongo wa Bahari ya Mediterania. Ndiye waliyemzamia watu wa Kalymnos huko Ugiriki kwa karne nyingi, na vazi la kuzamia lenye kofia ya shaba lilipowafikia katika miaka ya 1860 wengi walipooza au kufa kwa kupanda juu haraka kutoka vilindini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 maradhi yaliwaua sifongo hao kwa wingi katika bahari hiyo. Jambiani hutamkuta. Wanaolimwa pale ni wa maji yetu wenyewe, waliochaguliwa kwa kuwa kiunzi chao ni laini vilevile. Jambo hilo ni zuri kwa somo lako, lakini sahihisha daftari za wanafunzi kabla hawajapanda boti.

Mkulima wa Jambiani

Assalaam aleikum. Mimi ni mmoja wa wanawake wanaofanya kazi hii, kwa hiyo nisamehewe nikionekana napendelea.

Mwanzo nilikuwa mkulima wa mwani kama mama yangu. Mwani uliletwa huku kwetu mwaka 1989 na ukatusomeshea watoto, lakini maji yalivyozidi kupata joto ule mwani wenye bei nzuri, kotonii, ulianza kuoza na kukatika kambani kabla ya kuvunwa. Sifongo imevumilia zaidi. Kazi yake iko hivi. Unachukua sifongo mama iliyo hai, unaikata vipande kwa kisu kikali, kila kipande unakipitisha kambani, kisha kamba inafungwa ndani ya maji mahali pasipokauka hata maji yakipwa. Kipande kile hufunga jeraha lake chenyewe na kuanza kuviringika. Hatukilishi chakula wala hatutii dawa, bahari ndiyo inayolisha. Kazi yetu ni kusafisha kamba, kwa sababu majani ya bahari yakiiziba sifongo inadhoofika. Baada ya mwaka hivi, pengine na zaidi, inafikia ukubwa wa kuuzwa.

Wanafunzi wako watastaajabu zaidi watakapoishika. Ikiwa hai haifanani na ile ya dukani hata kidogo. Ni nyeusi ya kijivu, nzito, inateleza, na ukiiminya unatoka ute wenye harufu kali. Sisi huiacha nyama ioze, tukaiosha na kuikamua mara nyingi mpaka kibaki kiunzi kile cha rangi ya asali. Kile mnachokiita sifongo ya kuogea ni mifupa yake tu.

Mwalimu wa Milimani

Nashukuru sana. Bibie wa Jambiani, maelezo yako peke yake ni somo zima. Wanafunzi ni 26, walimu watatu. Fedha ni shilingi 2,900,000. Wanaojua kuogelea ni wanne, wote walilelewa kandokando ya mto. Kuhusu jina la spishi, Mzamiaji, nimekubali kosa na nitalisahihisha kesho asubuhi.

Mwana Kilindoni

Mwezi, Mwalimu. Mwezi hujautaja bado.

Mama wa Wawili

Kwa kuwa watoto 22 hawajui kuogelea, naomba nieleze yaliyotupata, ingawa ni habari ndefu.

Miaka michache iliyopita nilijiunga na kundi la wazazi tukawapeleka watoto wetu kuwaona potwe. Aliyetuandalia safari simtaji, maana shida yake ni ya wengi katika kazi hiyo. Tulikuwa watu 17 katika mashua moja na majaketi okozi yalikuwa 11. Tulipouliza, tuliambiwa watu wazima watabaki ndani ya chombo, basi tukanyamaza, nalo hilo ndilo kosa letu wazazi. Tulimkuta potwe mmoja baada ya muda mrefu, na kabla yetu zilikwishafika mashua nyingine nne. Nahodha wetu, akiona zamu haifiki, alizunguka mbele ya samaki na kumkatia njia, kisha akawaambia watoto waruke. Waliruka wote kwa pamoja. Binti yangu aliangukia karibu kabisa na mgongo wake, akaingiwa na hofu, akaanza kupiga maji kwa mikono, na mtoto wa jirani yangu akajishika kwenye pezi la yule samaki kwa sababu ndicho kitu kilichokuwa karibu. Potwe alitikisika mara moja tu, akazama wima kama jiwe. Mkia wake ulimgonga kijana wetu mmoja mbavuni wakati ukishuka. Hakuvunjika, lakini alipumua kwa shida mpaka jioni, nasi tulikuwa na saa nzima ya bahari mbele yetu kabla ya kufika nchi kavu.

Nimesikia maelezo yote ya kwamba potwe ni mpole. Nakubali kwamba ni mpole. Lakini kiumbe mwenye tani kadhaa akiogopa, upole wake haumsaidii mtoto aliyeko nyuma ya mkia. Tena siku ile nilichokiona zaidi ni makovu. Mgongoni mwake palikuwa na mistari minne iliyolingana, myeupe, ya pangaboi la mashine. Niliirudisha picha ile nyumbani na sijawahi kuionyesha kwa furaha.

Mwana Kilindoni

Dada, pole sana wewe na watoto. Sitaitetea mashua ile. Utaratibu unaofuatwa na wenye kazi njema ni huu: mashua moja kwa samaki mmoja kwa zamu, watu wasiozidi kumi majini, mita tatu kutoka ubavuni na nne kutoka mkiani, hakuna kugusa, hakuna kumkatia njia. Mwalimu, ukija, mwulize nahodha taratibu hizi kabla hujampa fedha. Akisita kuzitaja, ondoka. Na asiyejua kuogelea anabaki chomboni akiwa amevaa jaketi lake, kwa maana potwe akila juu ya maji humwona vizuri kabisa bila kulowa.

Nahodha Mstaafu

Nimesafiri na majahazi tangu ujana wangu, na nasikitika kuona vijana wanazungumza habari za papa bila kutaja sifa. Ini la papa lilichemshwa, mafuta yake yakaitwa sifa, na kila jahazi lililopandishwa pwani kwa matengenezo lilipakwa sifa ili mbao zisiliwe wala zisipasuke. Harufu yake mtu haisahau. Huku kwetu sifa ilitoka kwa papa wa kawaida, lakini Gujarat, ambako vyombo vyetu vilikwenda kwa kaskazi na kusi, watu walimvua hata potwe kwa ajili ya ini hilo, mpaka serikali ya India ilipompa ulinzi mwaka 2001. Mwaka 2016 akatangazwa duniani kuwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Mnyama anayechelewa sana kukomaa hawezi kuvuliwa hivyo akabaki.

Kwa hiyo nasema mwende mkamwone potwe. Sifongo haitakimbia, mtaikuta hata mwaka ujao.

Mkulima wa Jambiani

Shikamoo Mzee. Haikimbii, lakini inakufa, nasi tumeona vipande vingi vikifa katika miaka ya joto. Kutokukimbia ndiyo shida yake. Potwe maji yakimchosha huhama, sifongo hukaa palepale ilipofungwa ikapokea kila kinachoshushwa na maji.

Nahodha Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hapo umenipata, neno lako ni la kweli.

Mhariri wa Magomeni

Naomba kuingiza jambo la lugha, kwa kuwa wanafunzi wataandika ulinganisho huo kwa Kiswahili. Wengine hapa wanaandika "sifongo hii", wengine "sifongo huyu". Ikiwa tumekubaliana kwamba ni mnyama, basi apewe upatanisho wa viumbe hai: sifongo huyu anachuja, sifongo hawa wanachuja. Mwanafunzi akiandika "sifongo inachuja" atakuwa amekwisha kumtoa katika himaya ya wanyama kwa sarufi, hata kama sentensi yake ijayo inamrudisha.

Mkulima wa Jambiani

Mimi siku zote nimesema hii. Ndani ya maji hatusemi "mlete huyu", tunasema "ilete hiyo".

Mzamiaji wa Tanga

Mhariri, ukishikilia kanuni hiyo itakubidi useme "matumbawe hawa", na hakuna mzamiaji hata mmoja wa pwani hii utakayemsikia akisema hivyo. Matumbawe nayo ni wanyama, tena wana vinywa na misuli, jambo ambalo sifongo hana. Mimi huandika sifongo kama kiumbe hai kwa heshima ya sayansi, lakini mkulima asiambiwe amekosea.

Mhariri wa Magomeni

Hoja ya matumbawe ni nzito na sina jibu la haraka. Nadhani mazoea yalitangulia ujuzi: watu waliyaita kama mawe kabla ya kujua kwamba yana uhai. Hata hivyo, kwa kazi ya darasani, nasisitiza "huyu".

Mvita Kale

Kutoka Mombasa. Kwa kuwa mmefika kwenye majina, huku kwetu potwe huitwa papa shilingi. Wazee husimulia kwamba Mungu alipomwona samaki yule alifurahi akamrushia shilingi kutoka mbinguni, nazo zikamnata mgongoni. Madoa hayo yana faida kubwa hata leo, kwa sababu hakuna potwe wawili wenye mpangilio mmoja wa madoa. Watafiti hupiga picha ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, na kwa picha hiyo humtambua samaki yuleyule akirudi miaka kadhaa baadaye. Ikiwa wanafunzi wako watakwenda Mafia, wapige picha hiyo. Itakuwa na manufaa kuliko picha ya watoto wakiwa wamesimama mbele ya bahari.

Mwalimu wa Milimani

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na vipindi. Mwezi ni Juni, wakati wa likizo. Nilidhani nimekwisha kuutaja.

Mwana Kilindoni

Juni! Mwalimu, jambo hilo lingekuwa katika mstari wako wa kwanza. Juni ni kusi. Mtashuka kwa barabara ya Kilwa hadi Bungu, mtaingia kushoto kwenda Nyamisati, mtapanda chombo, na kwenye mlango wa bahari ule upepo utawapokea watoto ambao hawajawahi kuona wimbi. Mkifika, potwe hamtamwona.

Si kwamba amehama. Hapo zamani sisi wenyewe tuliamini kwamba huenda mbali na kurudi. Watafiti waliwafunga vifaa vya kutoa ishara na kuweka vipokezi chini ya maji, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yakaonyesha kwamba wengi wao wapo mwaka mzima. Wakati wa kusi hushuka chini na kukaa nje kidogo ya ufuko, mahali jicho lisipofika. Kwa hiyo mtakuwa juu yao pengine, lakini hamtawaona. Nakusihi uahirishe mpaka Desemba.

Mzamiaji wa Tanga

Kwa Juni, jibu ni Jambiani, na nadhani lingekuwa hilo hata kwa Desemba. Fikirini kile ambacho mwalimu anataka kukifundisha, yaani kuchuja. Kwa potwe, mwanafunzi ataona maji yakiingia kinywani na kutoka kwenye matamvua, basi. Vile vichujio vilivyo ndani, ambavyo ni kama tabaka za yavuyavu, hatavifikia. Ataambiwa kwamba kuna maelfu ya meno madogo kama punje za mtama ambayo hayamsaidii kula, na ataamini kwa kuambiwa.

Kwa sifongo, mnaweza kuyaona maji yenyewe. Wakulima wakiwaruhusu, chukueni bomba la sindano bila sindano, mlitie rangi ya chakula kidogo, mkaiachie taratibu pembeni mwa sifongo aliye hai, chini kabisa, mkiwa na miwani ya kuzamia. Rangi hupotea. Inaingia kwenye vitundu visivyoonekana. Mnasubiri kidogo, kisha inatoka kwenye tundu kubwa la juu kama moshi wa mshumaa uliozimwa. Hakuna moyo unaosukuma, wala misuli. Ni seli ndogo mno zenye vijimjeledi, kila moja ikipiga kwa wakati wake. Nimewaonyesha watu wazima jambo hili na wakanyamaza kabisa walipotoa vichwa majini.

Mwana Kilindoni

Kaka, kwa kiasi cha maji sifongo hafiki. Potwe mwenye mita sita na kitu alikadiriwa kuchuja mita za ujazo zaidi ya 600 kwa saa moja anapokula.

Mzamiaji wa Tanga

Kwa mmoja dhidi ya mmoja, kweli. Lakini pima kwa mwili. Sifongo hupitisha ujazo wa mwili wake mara maelfu kwa siku, usiku na mchana, bila kupumzika wala kusafiri. Na hukamata vitu ambavyo potwe havioni: bakteria, na hata vile vilivyoyeyuka majini. Potwe huchuja uduvi na mayai ya samaki. Sifongo huchuja kile kinachobaki baada ya kila mtu kula.

Mfamasia wa Upanga

Nawasoma tangu jana. Naomba kuongeza sababu moja ya kumheshimu sifongo, ambayo imenigusa kazini kwangu. Katika miaka ya 1950 kemikali zisizo za kawaida zilipatikana katika sifongo mmoja wa Karibi, na kwa kufuata mfano wake ikatengenezwa dawa ya saitarabini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969 kwa matibabu ya saratani ya damu. Hutumika mpaka leo, hata hapa kwetu. Kiumbe asiyeweza kukimbia wala kuuma hujilinda kwa kemia, na kemia hiyo imewafaa watoto wetu. Kwa sababu hiyohiyo, Mwalimu, waonye wanafunzi wasishike kila sifongo watakayemwona mwambani, maana wapo wanaowasha vibaya sana. Washike wale wa kambani tu, na kwa ruhusa.

Mama wa Wawili

Naunga mkono Jambiani. Maji yanafika wapi pale?

Mkulima wa Jambiani

Inategemea siku. Maji mafu si wakati mzuri, hayapwi vya kutosha. Njooni siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ambapo maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi. Wakati huo mtu mzima husimama penye kamba maji yakimfika kiunoni au kifuani, na mwamba wa nje huzuia mawimbi hata wakati wa kusi. Watoto wafupi tutawaweka upande wa ndani. Kuna shule moja ilikuja siku za maji mafu, walimu hawakuuliza, wakasimama ufukweni muda wote wakitazama maboya kwa mbali. Nilijisikia vibaya kwa ajili yao, kwa sababu walitoka mbali.

Mwana Kilindoni

Bado nasema Desemba na Mafia. Sifongo ni mzuri, sikatai. Lakini mtoto wa Morogoro atakayeona mgongo ule wenye madoa ukipita chini ya mashua, mrefu kuliko mashua yenyewe, atakuwa mlinzi wa bahari maisha yake yote. Tunawahitaji walinzi hao. Huku wavuvi wa dagaa huzungusha nyavu mahali potwe alipo, kwa sababu alipo yeye pana samaki, na akinaswa huushusha wavu wakamwacha atoke. Wanafanya hivyo kwa hiari, kwa kuwa wamekua naye. Aliyesoma habari zake kwenye kitabu hatapata moyo huo.

Mwalimu wa Milimani

Nimewasomea wanafunzi mazungumzo yote haya leo jioni, isipokuwa ile habari ya Mama wa Wawili, ambayo niliifupisha. Kundi la potwe limeomba niandike barua kwa mkuu wa shule kuomba safari ihamishiwe Desemba. Kundi la sifongo linasema kidato cha nne watakuwa wamekwisha kumaliza na kuondoka kufikia Desemba, nao ndio waliolima mboga hizo tangu mwanzo. Pande zote mbili zina haki. Barua nimeiandika, sijaipeleka.

Kwenye ulinganisho tumeongeza mstari mmoja ambao sikuutarajia. Tulidhani uzazi utawatenga kabisa. Lakini potwe huzaa watoto hai: mwaka 1995 huko Taiwan jike moja lilikutwa na viinitete takriban 300 tumboni. Na sifongo wa jamii ya *Spongia* naye hulea mayai ndani ya mwili wake mpaka mabuu yatoke yakiogelea. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili ameuliza swali ambalo siwezi kulijibu nikiwa Morogoro: maji yakichafuka kwa tope, kiumbe anayeishi kwa kuchuja hufanya nini? Je, kichujio hakizibi?

Mkulima wa Jambiani

Mwambie mwanangu huyo kwamba ameuliza vyema. Baada ya mvua kubwa za masika maji huwa meupe kwa mchanga. Nikiingia siku hizo nakuta vitundu vya juu vimejifunga, vimebana kama mdomo wa mtoto anayekataa dawa. Hukaa hivyo mpaka maji yatulie, kisha hufunguka pole pole. Sisi huenda tukazipangusa zile zilizokaliwa na tope, moja moja, kwa vidole.

Mwana Kilindoni

Potwe hukohoa. Husimama kidogo, hufunga kinywa, kisha hutoa wingu la vitu vilivyomziba kupitia mbele. Nimeliona mara mbili.

Barua hiyo ipeleke, Mwalimu, utujulishe.

Mkulima wa Jambiani

Na ikikataliwa, niandikie tarehe mapema nitazame mwezi.